Marufuku ya kuuza madini ghafi: bili ya umeme analipa nani?

MWANZISHA MADA
Wakuu, siku hizi kila nchi yenye madini inaimba wimbo mmoja: hakuna kusafirisha ghafi, chenjueni hapa hapa. Indonesia ilizuia nikeli ghafi 2014, ikalegeza 2017, ikafunga kabisa Januari 2020. Zimbabwe ilizuia lithiamu ghafi Desemba 2022, Namibia ikafuata Juni 2023. Hoja yenyewe ni nyepesi kuelewa: ukiuza udongo, utalipwa bei ya udongo.

Lengo sina ugomvi nalo. Tatizo langu ni kwamba amri ya forodha inatoka kabla mtu hajapiga hesabu ya umeme.

Tuangalie alumini. Tani moja inataka kama tani 4 za boksiti, ule udongo wenye alumini ndani yake, halafu inakula umeme wa takriban uniti 14,000. Ndiyo maana Iceland, isiyo na boksiti ya kujaza hata ndoo, inayeyusha alumini kwa umeme wake wa maji na jotoardhi, huku Guinea yenye akiba kubwa kuliko zote duniani ikipakia udongo mwekundu melini.

Ghana walijaribu mapema. Bwawa la Akosombo lilikamilika 1965, kiwanda cha alumini cha Tema kikaanza kuyeyusha 1967. Boksiti wanayo, iko Awaso. Lakini kiwanda kililishwa alumina, ule unga mweupe unaotolewa kwenye boksiti kabla ya kuyeyushwa, kutoka ng'ambo, na ya Awaso ikaendelea kusafirishwa ghafi! Ukame wa 1983 na 1984 ulipokausha bwawa, mitambo ikazimwa. Na alumini haina subira: umeme ukikatika saa chache tu, metali inaganda ndani ya vyungu vya kuyeyushia, na kuvifufua ni gharama juu ya gharama.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, Indonesia umeitaja ukaipita mbio, maana inakuumbua. Umeme wa kutosha pale Morowali, Sulawesi, penye viwanda vyao vya nikeli, haukuwepo. Marufuku ilipokaza, wawekezaji wa Kichina walikuja na mitambo yao ya umeme mgongoni. Serikali yao inasema mauzo ya bidhaa za nikeli yalipanda kutoka kama dola bilioni 3 mwaka 2017 hadi zaidi ya bilioni 30 mwaka 2022. Umoja wa Ulaya uliishtaki Indonesia kwenye Shirika la Biashara Duniani ukashinda Novemba 2022. Indonesia ikakata rufaa kwenye chombo ambacho hakijaweza kusikiliza rufaa tangu Desemba 2019, na kazi ikaendelea. Wangesubiri umeme kwanza, wangekuwa wanasubiri hadi leo.

MCHANGIAJI WA PILI
Naongeza la korosho, maana wapenda soko huria hawapendi kulikumbuka. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliibana Msumbiji ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, eti mkulima apate bei nzuri. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wabanguaji wakarudi nyumbani. Wachumi McMillan, Rodrik na Welch walikaa chini wakapiga hesabu: kaya ya wastani ya mkulima iliongeza kama dola 5.30. Kwa mwaka mzima. Haya, hebu niambieni huyo mkulima alinufaika nini.

MWANZISHA MADA
La korosho nakubali, sina cha kubisha.

La Indonesia ngoja kidogo. Yule ndiye mzalishaji mkubwa kuliko wote wa nikeli. Mnunuzi angekimbilia wapi? Ukizuia lithiamu, mnunuzi anakwenda zake Australia au Chile. Halafu ile mitambo iliyokuja mgongoni ni ya makaa ya mawe. Desemba 2023 tanuru lililipuka Morowali, watu 21 wakafa. Na mwenye mgodi mdogo, akishazuiwa kuuza nje, anabaki na mteja mmoja mlangoni, naye ndiye mpanga bei. Serikali ililazimika kuweka bei elekezi ili asinyongwe. Hizo bilioni 30 mnazotamba nazo ni mauzo tu. Toa misamaha ya kodi, toa faida inayorudi kwa wenye mitaji, kisha mniambie kinachobaki.

MCHANGIAJI WA TATU
Nyote mnaichukulia marufuku kama sera ya viwanda. Mara nyingi ni rungu la kutishia kwenye meza ya mazungumzo. Tanzania ilizuia makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba, Machi 2017 na watu wakasubiri mtambo wa kuchenjua. Mwisho wake ukawa makubaliano na Barrick, kampuni ya kuchimba dhahabu: serikali hisa asilimia 16, manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, dola milioni 300 za kumaliza mgogoro. Mwaka 2020 makontena ya makinikia yakaruhusiwa kuondoka. Mtambo haukujengwa, lakini mkataba ulibadilika. Ukipima kwa kigezo cha viwanda, marufuku ilifeli. Ukipima kwa kigezo cha mgawo wa mapato, je?

MWANZISHA MADA
Hapo umenibana. Ila rungu hushikwa kwa muda, mkuu. Wengi wanaotangaza marufuku hizi hawasemi wanadai nini hasa wala watalishusha lini, na mchimbaji mdogo anakaa na mzigo wake uani akisubiri wakubwa wamalize kikao. Kipindi hicho chote, nani anamlisha?