Kijana yuko jeshi la Marekani, mama yuko Marangu: undugu nao ni kosa?

Kibo_Asubuhi: Wakuu, binamu yangu alishapata uraia wa Marekani, yuko jeshini huko. Sasa kapata nafasi inayotaka kibali cha kushika siri za serikali. Kapewa fomu inaitwa SF-86: wazazi, kaka, dada, mpaka wakwe! Mama yake anauza ndizi Marangu. Huyo naye ni tishio kwa Washington? Mimi naita ubaguzi.

Chalii_Ngarenaro: Ubaguzi wapi, mangi. Mama hawamwogopi. Wanajiuliza siku mtu akimbana mama, kijana atatoa nini. Na wanaangalia nchi yenyewe: mwenye wazazi China au Urusi ana kibarua kizito kuliko huyu wa Marangu.

Rombo_Kwetu: Upimaji huo ukija huku tumekwisha. Rombo nani hana shangazi Loitokitok, upande wa Kenya?

Mama_Upendo: Mwambieni asifiche kitu. Kuwa na mama nje hakumfelishi mtu moja kwa moja, ila kudanganya kwa makusudi kwenye ile fomu ni jinai. Wanauliza hadi kama unamtumia pesa mtu asiye raia wao. Ninachoogopa, nyie Wachaga mtaandika mama vizuri, halafu kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, mnakikalia kimya.

Mangi_Kibosho: Mama Upendo, Wachaga tumeingiaje hapa?

Mama_Upendo: Mmeingia na ardhi, baba. Mali zilizo nje ya Marekani zinaulizwa, nyumba na mashamba yamo.

Mangi_Kibosho: Kihamba si mali ya mtu, ni cha ukoo. Halafu huyo kijana ni kitinda mimba? Kimila wa mwisho ndiye anarithi nyumba ya baba; kama siye, haimhusu, aache wazi.

Kibo_Asubuhi: Ni wa mwisho. Lakini jamani mimi nimeuliza kuhusu mama.

Wakili_wa_Kijiweni: Hata awe wa mwisho mara mbili. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unakoma. Soma Sheria ya Uraia ya 1995. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida asiye raia haimpi ardhi, labda ya uwekezaji.

Rombo_Kwetu: Si kuna hadhi maalum ya diaspora siku hizi?

Wakili_wa_Kijiweni: Hadhi si uraia.

Mangi_Kibosho: Kwa hiyo baba yake kazikwa pale kwenye migomba, halafu yeye leo ni mgeni? Wakili gani wewe unamfukuza mtoto wa watu kwao!

Wakili_wa_Kijiweni: Sijamfukuza, aliapa mwenyewe. Kiapo chao cha uraia kinasema wazi unakana utii wote kwa nchi uliyokuwa raia wake. Matambiko yako hayafuti kiapo.

Mangi_Kibosho: Matambiko? Mimi ni mzee wa kanisa, chunga mdomo.

Chalii_Ngarenaro: Hahaha, mada imehamia Kibosho.

Kibo_Asubuhi: Jamani, dogo anasubiri jibu. Kihamba aandike au asiandike?

Mama_Upendo: Aandike, na aeleze kwamba ni cha ukoo. Waamue wao.

Mangi_Kibosho: Akishaandika ni chake! Wenzake wataleta maneno msibani. Wakili, wewe una kihamba?

Wakili_wa_Kijiweni: Nimepanga chumba Sakina, Arusha.

Mangi_Kibosho: Ndiyo maana.