Tupeane uzoefu: kamera ndogo na fokasi ya usiku

Wakuu habari za jioni. Wiki ilopita tulikuwa na kesha la harusi ya mtoto wa dada angu hapa Ngamiani, Tanga, picha napiga mimi na kamera yangu ndogo ya mfukoni, uani kuna taa moja ya njano na zile za rangi za mapambo basi. Nimepiga zaidi ya mia. Asubuhi nafungua kwenye kompyuta, bibi yetu aliyetoka Pangani hana hata picha moja ambayo sura imetulia, ukuta wa nyuma yake unaonekana mpaka nyufa ila yeye ukungu mtupu. Imeniuma sana, bibi ni mtu mzima na safari zenyewe sasa hivi za kumbeba. Kila nikibonyeza lenzi inaenda inarudi, kale kaboksi kanakuwa kekundu, alafu inapiga hivyohivyo. Waliopitia hili mlifanyaje?

Mdau wa Chumbageni
Pole sana ndugu yangu. Kama ukuta umetoka safi basi mkono wako haukutikisika, fokasi ndo imeenda kwingine, yani kamera imelenga ukuta badala ya bibi. Ukitikisika taa zote zinaacha mkia. Hizi kamera ndogo nyingi zinatafuta fokasi kwa kuangalia pale mweupe unapokutana na mweusi, lenzi inacheza mpaka ule mpaka ukolee, sasa gizani haioni mpaka wowote ndo maana inahangaika. Na flashi haikusaidii hapo, ile inawaka fokasi ishamaliza kazi.

Mimi nilijifunzia Mapango ya Amboni, mle ndani ukizima tochi huoni kiganja chako. Nikamwomba mwongozaji amulike ukingo wa jiwe sambamba na alipokaa mke wangu, yani umbali uleule, nikabonyeza batani nusu, kaboksi kakawa kijani, nikashikilia hapohapo bila kuachia nikaielekeza kamera kwa mke wangu ndo nikamalizia kubonyeza. Mpaka kope zinahesabika! Kosa ni kusogea mbele au nyuma ukiwa umeshika nusu, hapo umeharibu. Angalia pia kwenye menyu ile taa ndogo ya kusaidia fokasi kama umeiwasha, inafika hatua chache tu lakini ndani ya uani inatosha, na usiizibe na kidole.

Mvuvi wa picha, Raskazone
Naongezea zumu maana watu wengi wanapotelea hapo. Yangu kwenye lenzi imeandikwa 1:2.8-5.9, ni namba za tundu la kupitisha mwanga, ikikua tundu linakuwa dogo, maana yake ukivuta mpaka mwisho mwanga unaoingia haufiki hata robo ya ule wa mwanzo, kamera inakuwa kama imevalishwa miwani ya jua usiku. Nilikuwa nakwenda mwalo wa samaki wa Deep Sea alfajiri boti zinaposhusha samaki, nasimama mbali navuta, narudi na ukungu wiki nzima. Siku nikawasalimia wale wazee nikaomba ruhusa nikasogea, zumu sikuigusa kabisa, kamera nikailaza kwenye ukingo wa ngalawa iliyopandishwa mchangani nikaweka taima ya sekunde 2 ili hata kidole kisiitikise. Magamba ya samaki yanameta moja moja. Ile ya kamera kujitafutia sura za watu nayo izime gizani, weka fokasi katikati.

Dada wa Pongwe
Lenzi mnafuta lakini? Na ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje na joto letu hili lenzi inashika mvuke, iache kwenye mkoba kwanza ipate joto.

Mwenye mada
Shukrani sana wakuu. Jana nimekwenda Pangani kumwamkia bibi, nikamsubiri mpaka baada ya magharibi makusudi, taa ya chemli tu barazani. Usoni kamera ikahangaika kama kawaida. Nikaangalia, kajifunga kanga nyeusi, maandishi meupe yamekaa kifuani, nikaona huu ndo mpaka wa mweupe na mweusi anaousema mdau na umbali ni uleule wa uso. Nikalenga herufi, nusu, kijani, nikapandisha taratibu mpaka machoni, kamera imelala juu ya mgongo wa kiti, nikamwambia bibi tulia kidogo. Leo picha nimeisafisha kubwa. Mikunjo yote ipo, na lile jina la kanga linasomeka.