Tradescantia zebrina imepoteza rangi na shina lake limekuwa tupu: nifanyeje?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, ninao mmea wa Tradescantia zebrina unaoning'inia kwenye chungu sebuleni. Hapo awali majani yake yalikuwa na michirizi miwili ya rangi ya fedha iliyometameta, na upande wa chini yalikuwa ya zambarau iliyokolea. Sasa majani mapya yanatoka madogo na karibu yote ni ya kijani kilichopauka, pingili (sehemu za shina kati ya jani na jani) zimerefuka, na mashina yamekuwa matupu pale yanapotokea kwenye udongo, ingawa ncha zake bado zinakua. Ninaumwagilia kila asubuhi, na nimeuweka mbali na dirisha kwa kuwa niliambiwa kwamba jua litauunguza. Je, niongeze mbolea, au huu ni ugonjwa?

Kivuli Chepesi
Ndugu muulizaji, huo si ugonjwa. Mmea wako una njaa ya mwanga. Ile zambarau hutokana na anthosianini, yaani rangi ya asili ambayo mmea huitengeneza kwa wingi unapopata mwanga wa kutosha, na mwanga ukipungua hubaki kijani peke yake. Kurefuka kwa pingili ni dalili ya jambo hilohilo. Usogeze karibu na dirisha, lakini ufanye hivyo kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, maana majani yaliyozoea kivuli huungua upesi. Jua la asubuhi haliudhuru. Jua kali la mchana linalopenya kiooni ndilo linaloacha mabaka makavu ya kahawia. Majani yaliyokwisha kupauka usiyahangaikie sana, bali tazama yale yatakayochipua baadaye.

Mshika Jembe
Nakubaliana na aliyetangulia, ila kumwagilia kila siku nako kukome. Chomeka kidole udongoni, na ukikuta sehemu ya juu imekauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha uyamwage yaliyotuama kwenye kisahani. Chunguza pia mashina karibu na udongo: likiwapo shina lililolainika, lenye weusi wa majimaji, na linalokatika ukilivuta kidogo tu, basi mizizi imeanza kuoza, na hapo mbolea haina msaada wowote. Kwa maoni yangu mbolea isubiri, kwa sababu naitrojeni nyingi kwenye mwanga hafifu itakupa mashina marefu, dhaifu na ya kijani zaidi.

Mpenda Vipandikizi
Wenzangu hawajaligusa suala la upara, nami naona ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Mmea huu hudondosha majani yake ya zamani kadiri shina linavyorefuka, hata ukitunzwa vizuri, na sehemu iliyokwisha kuwa tupu hairudishi majani yaleyale. Dawa yake ni kuupanda upya ndani ya chungu kilekile. Kata ncha zenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota kwenye shina), ondoa jani la chini, kisha uzichomeke pale penye upara. Mizizi hutoka kwenye kifundo, wala si katikati ya pingili, kwa hiyo kifundo kimoja angalau kifukiwe. Ukipenda kuona kazi yenyewe, weka kipandikizi kwenye glasi ya maji, na baada ya wiki moja hivi utaona vizizi vyeupe. Mashina yaliyobaki nayo yatachipua matawi mapya.

Vaa glavu ikiwa ngozi yako ni nyepesi, kwani utomvu wake huwasha, na paka na mbwa wasiutafune. Mabaki nayo usiyatupe nje ovyo: asili ya mmea huu ni Meksiko na Amerika ya Kati hadi Kolombia, lakini katika nchi nyingine zenye joto umekuwa gugu, na kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuuanzisha.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Ninao pia ule uitwao Nanouk, Tradescantia ya aina nyingine yenye majani ya waridi na meupe, na umetoa tawi la kijani kitupu. Je, nilikate?

Mpenda Vipandikizi
Likate mapema, hadi kwenye jani la mwisho lenye rangi mchanganyiko. Tawi la kijani lina klorofili nyingi, hivyo hukua haraka kuliko mengine na hatimaye huutawala mmea mzima. Tawi lililo jeupe au la waridi tupu nalo halifai kwa kipandikizi, kwa kuwa haliwezi kujitengenezea chakula cha kutosha. Chagua lile ambalo kila jani lina kijani kiasi.