Naomba ushauri: nataka kumpa kaka figo, tuko Uingereza

Habari zenu wapendwa, kaka yangu yuko London anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, figo zimefeli zote, mimi niko tayari kumpa yangu moja ila makundi ya damu hayaendani. Daktari katuambia kuna mpango wa kubadilishana, yaani mimi nampa mgonjwa mwingine na ndugu wa huyo anampa kaka, kuna aliyewahi kupitia hapa? Shida nyingine kazi, natunza wazee kwa zamu, nisipoingia silipwi na kodi ya nyumba haisubiri. Kwa England NHS (huduma ya afya ya serikali) inarudishia mtoa figo mshahara anaopoteza, je wanalipa mapema au unakaa miezi unahangaika? Mdogo wetu wa Tanga naye anataka kutoa ila viza sijui tuanzie wapi. Inaniuma sana maana tafiti za hukuhuku zimeonyesha weusi na wenye kipato kidogo ndo wanaopata kwa uchache figo ya mtu aliye hai, na sio kwamba hatupendani jamani, ni vikwazo kama hivi. Mliopita njia hii nielekezeni mlianzaje.