Tupeane uzoefu: mliofanya projekti za mifumo kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni) na vikundi vya huku Kusini, ilikuwaje?

Wakuu habari za saa hizi. Kila mwaka madogo wa chuo wanagawanywa kwenye makundi, wanaenda taasisi fulani kusikiliza shida zao, halafu wanachora na kutengeneza mfumo wa mtandaoni. Kwa huku Mtwara na Lindi naona nyingi zinaishia kwenye ripoti iliyojalidiwa vizuri, mfumo wenyewe hakuna anayeufungua tena, na inaniuma manake shida zipo kweli na vijana wanaziweza. Tusimuliane basi, mlifanyia nani na kipi kilifanya kazi.

Naanza. Sisi tulikuwa watano tukapangiwa AMCOS moja ya korosho upande wa Tandahimba. Mwenzetu mmoja alikuja na databesi keshaichora hosteli, ina mkulima, kilo na bei, basi. Karani wa mizani akatufungulia daftari lake tukashinda naye pale ghalani, ndo tukaona mambo. Mkulima mmoja analeta mzigo mara kadhaa ndani ya msimu, kila mzigo una daraja lake, unapelekwa ghala kuu, unauzwa kwenye mnada, na mnada wa wiki hii bei yake sio ya wiki ijayo. Kwaiyo bei sio ya mkulima wala sio ya msimu, ni ya ule mzigo kwenye ule mnada. Ukikosea hapo, hesabu zote za malipo zimekufa.

Halafu kuna makato, ya AMCOS yenyewe, ya chama kikuu, ya halmashauri, usafirishaji, na yanabadilika msimu hadi msimu. Ukiyaandika ndani ya msimbo wa programu, mwakani karani hana pa kuyabadilishia na nyie mshahitimu mko Dar mnatafuta kazi. Tukayawekea jedwali lake, mhasibu anaingiza mwenyewe kabla ya mnada wa kwanza. Stakabadhi ghalani, yaani huu utaratibu wa mkulima kuweka mzigo ghalani na kupewa risiti mpaka uuzwe mnadani, imeanza huku msimu wa 2007/08, hawa makarani wameishi nayo miaka yote hiyo, waulizeni wao kwanza kabla ya kumpelekea supavaiza michoro. Na ukurasa uliotumika kuliko yote haukuwa ule wenye grafu za rangi rangi, ni wa kutafuta tu: unaandika namba ya mwanachama unaona mizigo yake, upi umeuzwa, upi umelipwa na upi bado. Hilo ndo swali wakulima wanalokuja nalo kila siku. Nasema namba ya mwanachama, sio ya simu, simu huku nyumba nzima inaweza kuwa moja.

Binti wa Mikindani: Asante mkuu kwa kuanzisha. Sisi tulifanyia BMU moja ya Kilwa, kusajili vyombo na mavuno. Supavaiza alitaka ripoti ya kila wiki, tukamtengenezea, zikawa zinatoka wiki zina sifuri tupu kwenye dagaa akadhani mfumo unapoteza data. Kumbe wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Katibu wa BMU, mzee mmoja muungwana sana, akatuambia wanangu, ripoti ipangeni kwa giza na mbalamwezi, mtaona inasomeka. Tukaipanga hivyo na kweli ikasomeka. Kingine vipimo, dagaa wanahesabiwa kwa ndoo, changu na nguru kwa kilo, fomu isimlazimishe mtu kugeuza ndoo kuwa kilo kichwani akiwa ufukweni.

Intaneti nayo msiiamini sana. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika nchi nzima ikayumba, na mwezi huohuo Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara pale Somanga. Sisi tulikuwa tumeweka mfumo unahifadhi kwenye laptopu ya ofisi kwanza, mtandao ukirudi unapeleka juu. Ilitusaidia mno.

Mzee wa Ligula: Mimi nasimamia vijana wakija fildi ofisini kwetu. Kero yangu ni makabidhiano. Kundi moja lilitutengenezea mfumo mzuri kabisa wa wanachama, ila domeni (jina la tovuti) na hosti (seva ya kukodi inayobeba mfumo) vilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja. Muda wa kulipia ulipofika ukumbusho ukaenda kwake, namba kashabadilisha, mfumo ukazimika na data zetu ndani. Domeni isajiliwe kwa jina la taasisi, nywila za msimamizi zibaki kwa katibu kwenye bahasha, na mtu mmoja wa ofisi afundishwe kufanya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pia, imeanza kutumika Mei 2023, taarifa za watu kubaki kwenye laptopu ya mwanafunzi aliyekwishahitimu sio jambo dogo hata kidogo.

Mwanakusini86: Wale mnaokimbilia zahanati za serikali ulizeni kwanza, nyingi tayari zina GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea vituo vya afya. Sisi tuliambiwa hivyo siku ya kwanza tukahamia kikundi cha vikoba cha kina mama hapo Chikongola. Ilikuwa bora zaidi, na dada aliyekuwa anaongea Kimakonde kwenye timu ndo aliyetubeba kwenye mahojiano kuliko sisi wote wa kuandika programu kwa PHP.

Dogo wa Nachingwea: Shikamooni wakubwa. Tunaanza mwezi huu na SACCOS moja hapa, kumbukumbu zao ziko kwenye Exceli za miaka tofauti na jina la mtu mmoja limeandikwa kila mwaka kivyake, Mohamedi, Muhamed, Mohd. Mliohamisha data za hivyo mlianzia wapi? Na Mzee wa Ligula, kama una fomu ya makabidhiano naiomba, tuiweke kwenye proposo tangu mwanzo.