Semina ya nne ya mfumo wa kufundishia, na bado wahadhiri tunafundishwa kubadili nywila!

Wakuu salaam. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa nyongeza za mishahara. Hili ni jambo jingine kabisa na nimeliandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni mhadhiri kwenye chuo kikuu kimoja cha umma. Sikitaji, na mnaonijua humu nanyi msikitaje. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja darasani. Kozi yangu ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi 640, na wasahihishaji tuko wawili: mimi na mkufunzi msaidizi ambaye mwenyewe anahangaika na uzamili wake. Testi moja tu ikipita, karatasi zinalala sebuleni kwangu wiki tatu, watoto wanazirukia kwenda kuangalia katuni. Sasa mtu akiniambia kuna mfumo unaosahihisha maswali ya kuchagua na kupanga alama wenyewe, hana haja ya kunibembeleza. Mimi ni mteja wa kwanza mlangoni.

Ndiyo maana nimehudhuria semina tatu za Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni tunaoutumia. Tatu! Na zote zimeanzia palepale: Moodle ni nini, ilitoka lini (2002, aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, hilo nimeshalikariri kama kiapo cha skauti), faida zake, halafu jinsi ya kuingia na kubadili nywila. Hapo inakuwa saa saba, tunaenda kula.

Acheni niwape picha ya ile ya pili. Morogoro, ukumbi wa hoteli, meza zimevalishwa vitambaa vyeupe, kila mtu na chupa yake ya maji na kisahani cha peremende. Tupo kama 45. Mwezeshaji akasema sote tufungue mfumo kwa pamoja. Waifai ya hoteli, ambayo nadhani iliwekwa kwa ajili ya mapokezi na wageni wawili watatu, ikafa papo hapo. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mwezeshaji akasema "tusipoteze muda" na kuhamia kwenye slaidi za picha za skrini. Kuanzia hapo hadi jioni ikawa ni kusomewa: "Hapa unabofya. Ukishabofya, unabofya na hapa." Watu wazima 45, wengi wetu tuna PhD, tunamtazama mtu akibofya picha.

Kushoto kwangu alikaa profesa mmoja mzee wetu, miaka michache astaafu. Hakuwa na laptopu. Alikuwa na daftari la mistari na penseli, na alikuwa anaandika kila kitu: "bofya kulia juu", "bofya kijani". Kama kuna mtu aliyekuja kujifunza siku ile ni yule mzee. Akanyanyua mkono:

"Mwanangu, darasa langu lina watu 400. Nikishalifungua hilo darasa la humo ndani, wao nawaingizaje?"

"Shikamoo Prof. Swali zuri sana hilo. Hilo tutalikuta kwenye awamu ya pili."

Mzee akaandika kwenye daftari "awamu ya pili" na kupigia mstari. Wakuu, ile ndiyo ilikuwa awamu ya pili. Imeandikwa kwenye bango nyuma ya kichwa cha mwezeshaji. Hakuna aliyesema kitu. Na mimi sikusema, naona aibu mpaka leo.

Saa tisa karatasi ya mahudhurio ikapita, saini, namba ya simu, saini tena upande wa malipo. Ilipofika mstari wa mwisho ukumbi ulikuwa umebaki na watu tisa.

Sasa sikieni jinsi nilivyokuja kujifunza kweli. Mwaka jana niko ofisini nachapa maswali ya testi kwenye mfumo, moja moja. Unafungua dirisha, unaandika swali, unaandika jibu A, unashuka, jibu B, unashuka, unachagua lipi lina alama, unahifadhi, unasubiri. Nilikuwa nimefika la 14 kati ya 60. Akaingia kijana wa kitengo cha TEHAMA, alikuja kuangalia printa. Akachungulia skrini yangu.

"Dokta, mbona unajitesa?"

Akavuta kiti. Akafungua Notepad, ile ile ya bure iliyomo kwenye kila kompyuta yenye Windows, akaandika hivi:

Mji mkuu wa Tanzania ni upi?
A. Arusha
B. Dodoma
C. Mwanza
D. Tanga
ANSWER: B

Swali lote kwenye mstari mmoja. Herufi za majibu ziwe kubwa na zifuatwe na nukta. Neno ANSWER liandikwe hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Unaruka mstari, unaandika swali la pili. Ukimaliza unahifadhi kama faili la maandishi matupu, si la Word, kisha unalipandisha kwenye benki ya maswali na kuuambia mfumo kwamba muundo wake ni Aiken. Maswali yote 60 yanaingia kwa mkupuo. Nilikaa kimya kidogo.

Nikamuuliza lile swali la mzee wa Morogoro. Akacheka. Unaweka neno la siri la kujiandikishia kwenye kozi, unampa CR, yaani kiongozi wa darasa, alitangaze darasani, wanafunzi wenye akaunti wanajiingiza wenyewe. Au unaomba orodha kutoka ofisi ya msajili, na msimamizi wa mfumo anaipandisha kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Akanionyesha pia kwamba programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanafunzi kushusha notsi akiwa chuoni na kuzisoma hosteli bila bando. Yote hayo hayakuzidi dakika 20, na printa akaitengeneza.

"Mdogo wangu, mbona haya hamtufundishi kwenye semina?"

"Dokta, sisi kwenye semina huwa tunaitwa kufunga projekta."

Hapo ndipo damu iliponichemka, na haijapoa. Anayejua analipwa kubeba nyaya. Asiyejua analipwa kushika maiki, na ukimuuliza darasa lake kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wangapi, anakwambia yeye ni mshauri mwelekezi, hafundishi.

Kiini chake nimekiona. Semina inahesabiwa kwa vichwa. Ripoti ikiandika "wahadhiri 45 wamejengewa uwezo", imekamilika, inapigwa picha ya pamoja mbele ya bango, inafungwa. Hakuna anayerudi baada ya miezi mitatu kufungua mfumo na kuhesabu ni kozi ngapi zina kitu ndani zaidi ya slaidi za mwaka juzi. Na mifumo haidanganyi, kila kitu kimo mle, nani aliingia lini na akafanya nini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Tukumbuke pia wengi wetu tuliingiaje kwenye kazi hii. Ulipata GPA ya 3.8 na kuendelea, ukachukuliwa kuwa mkufunzi msaidizi, ukapewa maka pen. Mwalimu wa shule ya msingi husomea ualimu na kwenda mafunzo kwa vitendo kabla ya kuachiwa watoto 50. Sisi tunaachiwa vijana 600 kwa sababu tulifaulu mitihani. Kisha kupanda cheo kwenyewe kunategemea machapisho. Kwa hiyo hizi semina ndiyo nafasi pekee ambayo wengi wetu tunaipata ya kufundishwa kufundisha, na ndiyo inaishia kwenye kubadili nywila.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, hadi Juni mosi vilipofunguliwa, mimi nilifundisha kwa sauti za WhatsApp, nikiwa nimejifungia ndani ya gari ili majogoo ya jirani yasisikike. Nikadhani angalau baada ya hapo tutashtuka. Wapi!

Na tangu Novemba 2022 kuna ChatGPT. Insha zinakuja zimenyooka, Kiingereza cha Oxford, mwandishi ukimwita ofisini hajui alichoandika. Mwongozo tuliopewa kwetu ni Turnitin, programu ya kulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, na asilimia yake, basi. Nina mwenzangu aliyempa mwanafunzi sifuri kwa sababu ya asilimia 31, bila kuifungua ripoti. Tulipoifungua, kipande kikubwa kilikuwa orodha ya marejeo na nukuu zilizowekewa alama vizuri kabisa. Ile asilimia inaonyesha maneno yaliyofanana na ya kwingine, haisemi nani kaiba. Kuna kitufe cha kuondoa marejeo kwenye hesabu. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kitufe hicho, na mtoto wa watu nusura arudie mwaka.

Nataka nini? Vunjeni safari za Morogoro na Bagamoyo. Mleteni yule kijana wa printa kwenye idara zetu, Alhamisi mbili kwa mwezi, kila mtu aje na kozi yake halisi na orodha yake halisi, asitoke mpaka testi moja imepanda. Mlipeni yeye. Nawasilisha.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba "mnalalamika huku posho mnakula", umenishika pabaya na sikatai. Nimesaini mara tatu. Ya mara ya pili ilimalizia ada ya mwanangu. Ndiyo ubaya wenyewe huo: anayelipwa kukaa kimya ndiye huyo huyo anayepaswa kulalamika.

NYONGEZA 2: Wanaouliza kwa nini nimeandika leo. Barua ya semina ya nne imefika asubuhi. Mada: "Utangulizi wa Mfumo wa Ujifunzaji Mtandaoni". Washiriki tunatakiwa kwenda na nakala ya kitambulisho cha kazi, namba ya akaunti ya benki, na tiketi ya basi. Laptopu haijatajwa.