Wakuu, bima ya safari ni lazima au tunapigwa tu?

Msafiri_Bubu: Habari wakuu. Nampeleka mama Ufaransa kwa dada yangu, tiketi nishalipa na hazirudishwi hela. Hivi hii bima nikate au natupa pesa? Mama ni mzima kabisa. Fomu nishajaza nusu, naombeni majibu ya haraka.

Kiboko ya Foleni: Kata mkuu. Mimi begi lilishuka nchi nyingine nikashuka nyingine, nikaenda harusini na suti ya kununua na kandambili za hoteli. Bima ilinirudishia hela ya suti sababu nilitunza risiti na ile ripoti ya mzigo kupotea waliyonipa uwanjani.

Bi Mkubwa: Mwanangu, mama ana miaka mingapi? Na hiyo nusu uliyobakiza inauliza nini?

Msafiri_Bubu: 72. Inauliza magonjwa. Ana presha kidogo, na mwaka jana walimzibua mshipa wa moyo wakamwekea kile kibomba. Ila yuko fiti, ngazi ananishinda. Nataka nijaze HAPANA maana ukijaza ndiyo bei inapaa.

Bi Mkubwa: Ndo mzima kabisa huyo?

Dokta Mchwara: Usithubutu. Akilazwa, kampuni kabla ya kulipa inaomba faili lake la hospitali, wakikuta dawa za moyo na wewe umeandika hapana, bili yote ya ICU ni yako. Bado kumrudisha kwa ndege amelala kwenye machela na nesi pembeni.

Mcha Mungu: Siku hizi watu wanadanganya hadi kwa jina la mama mzazi.

Jicho Pevu: Hii chai. Ufaransa ni Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, viza hupewi bila bima ya angalau euro 30,000. Mama kapataje?

Kiboko ya Foleni: Leteni vitafunwa 😂

Msafiri_Bubu: Sio chai jamani. Viza yake ni ya kuingia mara nyingi, bima waliidai ya safari ya kwanza tu na ilishaisha, zinazofuata alisaini kwamba anajua anatakiwa akate mwenyewe.

Jicho Pevu: Haya, hapo umejitetea. Basi wapigie uwaulize ugonjwa wa zamani wanaupokea vipi, wapo wanaokubali ukiongeza hela na barua ya daktari, wapo wanaoutoa kabisa, moyo ukisumbua hawakujui.

Msafiri_Bubu: Nimepiga, nimewekewa muziki nisubiri. Lakini na nyie, presha kidogo nayo ni ugonjwa?

Bi Mkubwa: Mpe mama simu niongee naye mwenyewe.